Usimwagie maji picha za Kolo

Kolo ni kijiji cha wilaya ya Kondoa, mkoa wa Dodoma. Kwenye miamba ya milima ya huko watu wa kale walichora picha za wanyama wa porini: twiga, tembo na pofu. Mwaka 1951 mtaalamu Mary Leakey alifika, akazinakili kwa mkono. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia.

Siku hizi wageni huzipiga picha kwa simu. Rangi imefifia, basi wengine humwagia mwamba maji ili mnyama aonekane vizuri. Jamani, hapana! Maji huondoa rangi. Yakikauka huacha chumvi nyeupe juu ya mchoro.

Fanya hivi:

1. Usiguse mchoro. Jasho na mafuta ya mikono huuharibu.
2. Piga picha mwamba ukiwa kivulini. Jua kali halifai.
3. Shika simu kwa mikono miwili, isitikisike.
4. Picha ikiwa hafifu, ikoleze rangi humo humo kwenye simu. Ile ya kwanza itunze pia, maana ndiyo inayoonyesha mwamba ulivyo.

Picha ya simu ikiharibika, utapiga nyingine. Ya mwambani ikifutika, aliyeichora hayupo.