Kimaka: Kutazama televisheni bila ada ya kila mwezi

Kwa familia nyingi za Kimaka, jijini Jinja, ada ya televisheni ya kulipia huja pamoja na kodi ya nyumba na karo za watoto. Ada hiyo ikikosekana, vituo hufungwa. Hata hivyo, taarifa ya habari na vituo kadhaa vya kitaifa vinaweza kutazamwa bila malipo hayo.

Uganda ilianza kuzima mitambo ya analojia mwezi Juni 2015, ikianzia Kampala na maeneo ya jirani. Matangazo ya kidijitali yasiyolipiwa husambazwa na Signet, kampuni iliyo chini ya Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC, kwa mfumo uitwao DVB-T2.

Hatua ya kwanza ni kuikagua televisheni yenyewe. Nyingi za siku hizi zina kipokezi cha DVB-T2 ndani yake, na maandishi hayo huonekana kwenye boksi au kitabu cha maelekezo. Televisheni ya namna hiyo huhitaji antena ya UHF tu. Isiyo na kipokezi huongezewa king'amuzi. Kabla ya kukilipia, mnunuzi amuulize muuzaji kama kinafanya kazi bila kadi wala ada ya mwezi.

Antena nayo ina masharti yake. Mawimbi haya husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo jengo refu au kilima huweza kuyazuia. Nyumba iliyofichwa na mlima, kama Wanale ulivyosimama juu ya Mbale, huenda ikahitaji mlingoti mrefu zaidi. Antena ikishaelekezwa kwenye mnara, vituo hutafutwa upya.

Intaneti si njia ya bure. Tangu Julai 2021 bando hutozwa ushuru wa asilimia 12, na saa moja ya video huweza kumaliza zaidi ya nusu gigabaiti.

Atakayekosa zaidi ni mpenzi wa ligi za Ulaya, kwani haki za mechi nyingi hununuliwa na kampuni za kulipia. Huyo na alinganishe kiingilio cha kibandani kwa mechi azipendazo na ada ya mwezi mzima.

Kwa hiyo, usikatize huduma kwa haraka. Ijaribu antena wiki moja kwanza, uone vituo gani vinafika nyumbani kwako, ndipo uamue.