Lushoto: Mji wa Afya wa Wadachi Katika Milima ya Usambara

Mtu wa Kuruwitu akipatwa na homa, wazee humwambia alale kivulini, anywe uji, na apelekwe hospitali. Hapana mzee amwambiaye afunge mizigo yake akakae mwezi mzima katika mji mwingine kwa sababu maji ya mji ule, au upepo wake, ni dawa. Lakini katika nchi ya Ujerumani jambo hili ni desturi ya zamani sana, na miji mingi ya huko imekua na kutajirika kwa sababu hiyo tu. Ukitazama ramani ya nchi ile utaona majina mengi yaliyotanguliwa na neno "Bad", ambalo maana yake ni mahali pa kuoga. Si kila mji unaoweza kujipachika neno hilo, bali sharti upewe ruhusa na serikali baada ya maji yake kupimwa.

Mashuhuri kuliko yote ni Baden-Baden, ulio chini ya vilima vya Msitu Mweusi. Warumi waliyakuta maji yake ya moto kiasi cha miaka elfu mbili iliyopita, wakajenga mabafu ya mawe ambayo magofu yake yaonekana hata leo. Mwaka 1877 likafunguliwa pale jengo kubwa la kuogea liitwalo Friedrichsbad, na hata kabla ya hapo wafalme na matajiri wa Ulaya walikuwa wakienda mjini humo kuoga asubuhi na kucheza kamari usiku. Sijui kama waliopoteza fedha zao usiku waliponywa na maji ya asubuhi.

Lakini Wadachi, kama wazee wetu walivyozoea kuwaita Wajerumani, wana namna nyingine ya mji wa afya, nayo ndiyo iliyonifanya niandike habari hizi. Katika sheria zao upo mji wa afya usiokuwa na chemchemi yo yote, ila hewa yake ni safi na baridi yake ni ya kiasi, hata mgonjwa akikaa hupata nguvu. Mji wa namna hii waliutaka pia Afrika ya Mashariki. Maji ya moto waliyakuta karibu na bahari, maana yako Amboni karibu na Tanga, nayo hunuka kiberiti kama yai lililooza. Lakini Tanga kuna joto na mbu. Kwa hiyo walipanda mlimani.

Aondokaye Kuruwitu kwenda huko hupita Mombasa, akavuka kivuko cha Likoni, akafuata barabara ya pwani hata Lunga Lunga na Horohoro, akaingia Tanga. Kutoka Tanga hupita Muheza na Korogwe mpaka Mombo, mahali pa joto kali penye mashamba ya mkonge pande zote, na ukuta wa milima umesimama mbele yake kama mtu aliyemzibia njia. Hapo gari huacha barabara kuu na kuanza kupanda. Njia hiyo ni ya maili kama 20 tu, lakini ni kona juu ya kona, huku genge na huku bonde, na katikati yake ni Soni penye maporomoko ya maji. Abiria aliyeondoka Mombo akijipepea kwa gazeti huanza kutafuta koti lake. Akifika Lushoto yuko futi 4,500 hivi juu ya bahari, na mwezi wa Julai huona watu wamejifunika mablanketi saa nne ya asubuhi.

Nchi hii wenyewe huiita Shambaai, na uwanda wa chini huuita nyika. Sisi watu wa pwani ya Kilifi neno hilo la nyika twalijua vizuri, maana zamani babu zetu waliitwa Wanyika na watu wa mijini. Kwa Mshambaa, kuishi Shambaai ni kuishi penye migomba, mvua na uzima, na kushuka nyikani ni kwenda penye jua, njaa na homa. Ufalme wao ulikuwa wa Wakilindi, uzao wa Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, na mji wao mkuu ulikuwa Vuga. Habari zao ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, aliyewatumikia Wakilindi yeye mwenyewe, na kitabu chake ni miongoni mwa vitabu vikubwa vya historia katika lugha yetu.

Mdachi wa kwanza kufika Vuga alitoka huku kwetu. Dakta Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai pamoja na mwenziwe Rebmann, alisafiri mwaka 1848 kwenda kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai, akarudi tena mwaka 1852. Alikuwa ameajiriwa na misheni ya Kiingereza wala hakuja kutafuta koloni. Waliokuja baada yake walikuwa na nia nyingine.

Kimweri alipofariki, jamaa zake waligombana wao kwa wao miaka mingi, na Wadachi walipoingia waliikuta nchi imegawanyika. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa mwana wa Semboja, wakamweka Kinyashi kuwa mtawala. Mwanzo kituo chao cha serikali kilikuwa Mazinde, nyikani chini ya milima, kwa sababu ndiko njia ya misafara ilikopita. Lakini Mazinde ni mahali pa homa, nao wakahamisha boma likapanda juu katika bonde lenye baridi, wakaliita Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa jina la Kaisari wao. Huo ndio mji wa Lushoto.

Hapa nataka nikae kidogo, kwani ndipo lilipo jambo lililonishangaza. Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam bingwa mkubwa wa maradhi, Dakta Robert Koch, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882. Alikaa katika koloni mpaka mwaka 1898, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuchunguza homa ya malaria, maana Wadachi walikuwa wakifa nayo pwani. Alipanda Usambara akaona kwamba juu kule wenyeji hawana homa, ila wale walioshuka nyikani wakarudi. Akasikia kwa Washambaa wenyewe sababu yake. Walisema ya kuwa nyikani wapo wadudu waumao, nao ndio waletao ugonjwa. Na ugonjwa na mdudu wote wawili waliwaita kwa jina moja, mbu.

Msomaji na atazame miaka. Mwezi wa Agosti 1897 ndipo Mwingereza Ronald Ross, huko Bara Hindi, alipokiona kijidudu cha malaria ndani ya tumbo la mbu kwa darubini, na kwa kazi hiyo akatunukiwa zawadi ya Nobel mwaka 1902. Mkulima wa Shambaai hakuwa na darubini, wala hakujua habari za vijidudu, wala sisemi kwamba kazi ya Ross ilikuwa ndogo. Lakini mkulima yule alikuwa amekwisha jua mahali pa kulala na mahali pasipofaa kulala, na jina la adui yake alilijua. Mji wa afya ulijengwa mahali ambapo Washambaa walikuwa wakiishi tayari kwa sababu hiyo hiyo.

Nao walilipwa nini? Kwa amri ya mwaka 1895 ardhi yote iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe ilifanywa mali ya serikali ya Kaisari. Reli iliyoanza Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na walowezi wakapanda nayo. Katika msitu wa Shume walikata mierezi, ambayo ni mti mzuri wa kufanyia penseli, wakayashusha magogo mpaka Mkumbara kwa vikapu vya chuma vilivyoning'inia juu ya kamba ndefu kutoka kilele hata nyikani. Kazi ile ilihitaji mikono. Basi mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, kila mwanamume mzima alipewa kadi, na kadi ile ilimtaka afanye kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi minne kwa mshahara uliokwisha pangwa. Asiyeijaza alitiwa katika kazi za serikali. Mimi ni karani, na maisha yangu yote nimeshika kadi na madaftari. Najua jinsi karatasi ndogo iwezavyo kuwa nzito mfukoni mwa mtu.

Si haki, hata hivyo, kusema ya kuwa afya yote iliyotafutwa milimani ilikuwa ya wageni peke yao. Lutindi, katika milima hiyo hiyo, wamisionari wa Kijerumani walianza mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa katika utumwa, mfano wa kazi iliyofanywa Rabai na Frere Town upande wetu. Baada ya miaka michache makao yale yaligeuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili Waafrika, wakati ambapo wengi wao walifungwa kamba tu majumbani. Hospitali ile ingalipo. Na huko Amani, Usambara ya Mashariki, mwaka 1902 ilianzishwa stesheni ya uchunguzi wa mimea, ikapandwa miti ya mkwinini ambayo magamba yake hutoa dawa ya malaria.

Na mkonge je? Hadithi hii yatuhusu sana sisi majirani wa Vipingo. Wadachi walijaribu kwanza kahawa katika Usambara ya Mashariki, ikawashinda. Dakta Hindorf akaagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilipofika Tanga mwaka 1893 ilikuwa hai 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yalitokea mashamba ya nyika yote ya Tanga, na biashara iliyokuja kuwalisha na kuwachosha maelfu ya watu wa pwani, Tanganyika na Kenya.

Waingereza waliuteka mji mwezi wa Juni 1916, na jina la Kaisari likaondoka. Lakini wao nao walipapenda kwa baridi yake. Nao nao walikuwa na mafundisho yao: baada ya mwaka 1946 waliamuru wakulima, kwanza Mlalo na halafu kwingine, wachimbe matuta katika miteremko ili udongo usichukuliwe na mvua. Udongo kweli ulikuwa ukichukuliwa. Ila matuta yalidai kazi nyingi, hasa ya wanawake, na wengi walihofu kwamba shamba lililokwisha chimbwa kwa amri ya serikali litakuwa la serikali. Chuki ilizidi mpaka mpango ukaachwa katika miaka ya mwisho kabla ya Uhuru wa 1961.

Siku hizi Lushoto ni mji wa wilaya katika Mkoa wa Tanga. Kipo chuo cha kufundishia watu wa mahakama, yapo makanisa na misikiti, na nyumba chache za Wadachi zenye mapaa ya mteremko zimebaki katikati ya mikaratusi. Wageni wangali wakija kupumzika, wengi wao sasa wakiwa Watanzania waliokimbia joto la Dar es Salaam. Wataalamu waliopima wameona kwamba malaria hupungua sana kadiri mtu apandavyo milima hii, ingawa haikomi kabisa, na iko miaka ambapo homa imepanda mpaka vijiji vya juu ikawakuta watu wasioizoea.

Mgeni akipata nafasi, na atembee kwa miguu mpaka Irente, maili tatu hivi kutoka mjini, ambako mlima hukatika ghafula. Akisimama ukingoni huiona Mazinde chini ya miguu yake, mbali kiasi cha futi 3,000, na mistari ya mkonge, na reli iliyonyooka kuelekea Moshi, na mavumbi ya nyika. Upepo wa joto hupanda usoni pake kutoka bondeni. Njiani kurudi atakutana na kina mama wenye vikapu vya matunda damu na mapeasi vichwani, wakienda kutafuta gari la kushuka Mombo, ambako abiria wa mabasi huyanunua kupitia madirishani.