Unataka kuuza "kipunguza umeme" mtandaoni? Soma hii kwanza

Wafanyabiashara wenzangu, kuna kidude kinatangazwa sana siku hizi. Unachomeka ukutani, taa ya kijani inawaka, tangazo linasema "kinasafisha umeme na kupunguza bili". Kabla hujaagiza mzigo, jua kwanza umeme mchafu ni nini.

Umeme wetu unapanda na kushuka kama wimbi, mara 50 kwa sekunde. Pasi inauvuta kwa kufuata wimbi lote. Ila chaja, kompyuta na taa nyingi za LED zinadonoa tu pale wimbi linapofika juu kabisa. Kudonoa huko kunazaa mawimbi ya ziada, ya mara 150, 250, 350 kwa sekunde. Yanaitwa hamoniki.

Hasara yake ni moto kwenye nyaya na transfoma. Kwenye jengo la fezi tatu lenye fremu nyingi za simu na kompyuta, yale ya 150 yanajumlishana kwenye waya wa nyutro, ambao mara nyingi hauna breka yake.

Dawa ya kweli ipo, inaitwa filta amilifu. Inafanya hivi:

1. Sensa zinapima mkondo unaopita kwenye nyaya.
2. Kompyuta yake inatenganisha wimbi safi na uchafu.
3. Swichi za elektroniki zinaingiza mkondo wenye umbo la ule uchafu, ila kinyume chake. Vikikutana, vinafutana.

Wajapani Akagi, Kanazawa na Nabae walitoa hesabu za kufanya hivyo papo hapo mwaka 1983. Mashine hizi zinafungwa na fundi kwenye bodi kuu ya umeme, viwandani na hospitalini.

Sasa kile kidude? Kwa kawaida ndani kuna kapasita na taa. Hakipimi chochote. Kapasita inaweza hata kuzikuza hamoniki. Na LUKU inahesabu yuniti, yaani kilowati-saa. Friji ikishakula yuniti zake, kapasita haizirudishi.

Kwa hiyo muulize anayekuuzia mzigo: Ina sensa za mkondo? Inafuta ampea ngapi? Vipimo vya hamoniki kabla na baada viko wapi? Akikosa majibu, usiandike "inasafisha umeme" kwenye tangazo lako. Mteja akiona yuniti zinaisha vilevile, hatamtafuta aliyekitengeneza. Atakuja kwenye page yako, na atakuja na screenshot.

Mtumie mwenzako anayetaka kuagiza.