Vijana warefu wa Eldoret na ndoto ya vikapu Marekani: Kimo kinafungua mlango, kazi inaanza ndani

Ukiwa mrefu kupita kiasi hapa Eldoret, kuna maswali mawili utaulizwa kila mara. La kwanza ni kama umetoka Sudan Kusini. La pili ni kama unacheza vikapu. Makanga wa matatu ya Langas atakuuliza huku akikuambia uinamishe kichwa, mama mboga atakuuliza, hata mwalimu mpya wa Hisabati. Ukijibu kwamba ndiyo, unacheza, swali la tatu linafuata papo hapo: "Sasa mbona hujaenda Marekani?"

Swali hilo lina mizizi katika mji huu, au tuseme jiji, maana tulipewa hati Agosti 2024. Ukanda huu umekuwa ukipeleka vijana kwenye vyuo vya Marekani tangu miaka ya 1970, ila kwa riadha. Mike Boit alienda Eastern New Mexico. Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi 4 za dunia kwa siku 81 mwaka 1978. Baadaye Sally Kipyego akatamba Texas Tech, na Edward Cheserek akashinda mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon. Ndiyo maana mzazi wa hapa akisikia "ufadhili wa michezo" haoni kama ni hadithi. Ameona mtoto wa jirani akienda.

Shida ni kwamba vikapu havifuati njia ya riadha.

Mbio zina saa. Kocha wa chuo kule Iowa akiambiwa kuna kijana wa Iten amekimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 40, hana haja ya kujua amesoma shule gani wala ana urefu gani. Eliud Kipchoge ana takriban sentimita 167. Faith Kipyegon ana kama 157. Saa haikuwauliza kimo. Lakini mwambie kocha huyo huyo kwamba kuna msee wa Kapsoya amefunga alama 28 katika mechi moja ya michezo ya shule. Atauliza: dhidi ya nani? Alikuwa anakabwa na mtu wa futi ngapi? Uwanja ulikuwa wa mbao ama wa saruji iliyopasuka? Majibu hayapati, kwa hivyo anashika kitu kimoja ambacho ni kile kile Eldoret na Texas. Anauliza kimo.

Makocha wa vikapu wana msemo wao kwamba kimo hakifundishwi. Kurusha mpira utafundishwa, kudunda kwa mkono wa kushoto utafundishwa, lakini hakuna mazoezi ya kumtoa mtu futi 5 na inchi 10 hadi futi 6 na inchi 10. Na hesabu zao ni baridi. Hadi mwaka 2025 timu ya wanaume ya Divisheni ya I ilikuwa na nafasi 13 tu za ufadhili. Kwa vyuo vilivyokubali sheria mpya zimefika 15. Tangu 2021 pia, wachezaji wanaweza kuhama chuo bila kukaa nje mwaka mzima, kwa hivyo kocha anaweza kumchukua mtu wa miaka 22 aliyeshajaribiwa badala ya kubahatisha na kijana aliyemaliza Form Four juzi. Mchezaji wa sentimita 178 anayekimbia na kupiga pasi safi, kocha huyo anao tele Chicago na Houston, na hahitaji viza. Akiamua kuangalia Afrika Mashariki, anatafuta kile ambacho kwao ni adimu.

Mfano ulio karibu nasi ni Madina Okot wa Mumias, mwendo wa saa chache tu kutoka hapa. Ana futi 6 na inchi 6, yaani karibu sentimita 198. Hakukulia kwenye vikapu. Alikuwa wa voliboli kwanza. Akacheza Zetech, kisha mwaka 2024 akaenda Mississippi State, na msimu wake wa kwanza huko alikuwa na wastani wa alama zaidi ya 11 na ribaundi zaidi ya 9 kwa mechi. Mwaka 2025 akahamia South Carolina ya kocha Dawn Staley, timu iliyokuwa imetwaa ubingwa wa kitaifa 2017, 2022 na 2024. Si ati aliokotwa barabarani kwa sababu ni mrefu. Alicheza kwanza ligi ya hapa nyumbani, akachapwa viwiko na wanawake wazima.

Ukitaka wa kuokotwa barabarani, basi ni Khaman Maluach. Alizaliwa Sudan Kusini, akalelewa Kampala, na siku moja mwendesha boda akamsimamisha akamwambia mtu wa urefu huo anafaa kucheza vikapu. Miaka michache baadaye alikuwa katika akademia ya NBA kule Senegal, akacheza Olimpiki ya Paris 2024, akaingia Duke, na Juni 2025 akachaguliwa wa 10 katika drafti ya NBA. Kijana ana takriban futi 7. Hadithi tamu, lakini vijana wengi wanaikumbuka boda na kuisahau Senegal. Akademia maana yake ni kocha kila siku, chakula, darasa na mechi dhidi ya warefu wenzako. Vitu hivyo boda hakuwa navyo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, linawaumiza vijana wetu kuliko ukosefu wa maskauti.

Kenya, mwanamume wa kawaida ana kama sentimita 170. Kwa hivyo kijana wa futi 6 na inchi 3 akifika shuleni anaonekana mlingoti. Kocha anamweka chini ya ringi, anamwambia, "Wewe simama hapo, ukipata mpira mpe mfupi." Miaka minne hadundi mpira. Harushi mitupo ya alama tatu. Akithubutu kupandisha mpira mwenyewe anapigiwa filimbi ya mazoezi. Shule inashinda kaunti, picha zinapigwa, kila mtu anafurahi. Halafu video yake inafika chuo cha Marekani na kocha anaona senta wa futi 6 na inchi 3. Huko, kimo hicho ni cha gadi! Wastani wa NBA ni kama futi 6 na inchi 6, na senta wa chuo kikubwa mara nyingi anakaribia futi 7. Kijana wetu ni mfupi mno kwa kazi anayoijua, na kazi inayolingana na kimo chake hajawahi kufundishwa. Hiyo ni noma.

Mtazame Tylor Ongwae, yule aliyefunga kikapu cha dakika ya mwisho tulipoizima Angola 74-73 Februari 2021, ushindi uliotupeleka AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Anakaribia mita 2. Katika shule nyingi za hapa angepigwa msumari chini ya ringi. Lakini anacheza pembeni, anadunda, anarusha kutoka mbali, na ndicho kimemlisha Ulaya akiwa na Bakken Bears ya Denmark. Kama wewe ni mrefu na kocha wako hakuruhusu kudunda, fika uwanjani saa moja kabla ya mazoezi ukadunde peke yako.

Na wafupi? Muggsy Bogues alikuwa na sentimita 160, anamzidi Kipyegon kidogo tu, na alipita Wake Forest hadi NBA. Lakini tusidanganyane: kila mtu anamtaja Bogues kwa sababu hakuna wengine wengi wa kutaja. Mfupi wa hapa ana nafasi zaidi katika Divisheni ya II, vyuo vya NAIA na vile vya miaka miwili, ambako ufadhili mara nyingi ni wa sehemu tu ya karo. Divisheni ya III haitoi ufadhili wa michezo kabisa, ingawa inaweza kukusaidia kwa alama za darasani. Huko wanaangalia kasi, mtupo na cheti chako.

Wengine wanajaribu kujiongeza. Futi 6 na inchi 4 kwenye karatasi, inchi 2 ukivua viatu. Hii si tabia ya hapa pekee. Hadi 2019 hata NBA yenyewe ilikuwa na urefu wa kubuni, ndipo ligi ikalazimisha kila mchezaji apimwe bila viatu. Kocha anayekulipia masomo atakupima siku ya kwanza. Zaidi ya hapo, wengi sasa wanauliza pia urefu wa mikono iliyonyooshwa, na hapo kuna wafupi kidogo wenye habari njema bila kujua.

Wasichana, mlango wenu ni mpana kuliko mnavyodhani. Sheria ya Marekani ya 1972 inavidai vyuo viwape wanawake nafasi sawa katika michezo, na msichana wa futi 6 anatazamwa mara mbili. Tatizo ni kwamba hapa North Rift msichana mrefu huchukuliwa na voliboli mapema. Ukienda Trans Nzoia, Kesogon wanamjua kabla mamake hajamaliza kumshonea sketi mpya. Si vibaya. Okot alianzia huko huko. Ila jaribu yote mawili kabla hujamaliza shule.

Kuhusu shule yenyewe: NCAA Divisheni ya I inataka masomo 16 ya msingi na wastani wa angalau 2.3 kwa mizani ya 4. Mrefu aliyeacha Fizikia, Historia na Kiingereza vimkimbie hana pa kwenda. Na ukimaliza Form Four ukakaa miaka ukicheza ligi, unaweza kupoteza misimu yako ya chuo, kwa hivyo usingoje "mwaka ujao" kuulizia.

Kisha kuna doh. Eldoret haihitaji kufundishwa hili. Mwaka 2023 wazazi waliandamana kwa sababu ya mpango wa masomo ya Finland na Canada uliopitia kaunti ya Uasin Gishu. Walikuwa wamelipa, watoto wakakwama, kesi ikafika mahakamani. Kuna waliouza shamba, kuna waliouza ng'ombe. Kwa hivyo ajenti akija na jezi ya chuo na kudai malipo ya "kushika nafasi ya ufadhili", chanuka. Ada ya kweli ya SEVIS ni dola 350 na ya viza ni dola 185, na zote hulipwa kwa serikali ya Marekani. Fomu ya I-20 hutolewa na chuo, si na mtu wa hoteli. Chukua jina la kocha analotaja, litafute kwenye tovuti ya chuo, umwandikie mwenyewe kwa anwani iliyo hapo.

Na kwenye barua hiyo weka video fupi, dakika 3 zinatosha, ya mechi nzima-nzima na si madanki ya mazoezi. Onyesha namba ya jezi yako mwanzoni. Weka pia sekunde chache umesimama bila viatu chini ya ringi, mikono juu. Ringi iko mita 3.05 kutoka chini kila mahali duniani, mradi ya shule yenu haijainama, na kocha atajipimia mwenyewe.