Shamba Dogo, Warithi Wengi: Habari za Kijiji cha Java

Je, msomaji, ukiligawa shamba lako leo kwa watoto wako wote, kila mmoja atapata ekari ngapi? Na wajukuu wako je? Mwezi huu twataka kukupasha habari za wakulima wa mbali ambao wameishi na swali hilo muda mrefu kuliko sisi. Wakulima hao ni watu wa Java.

Java ni kisiwa katika nchi ya Indonesia. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 129,000 hivi, yaani haufiki robo ya Kenya. Lakini watu waliohesabiwa huko mwaka 2020 walizidi milioni 151, hali Kenya nzima mwaka 2019 ilikuwa na watu milioni 47 na nusu. Kinachowalisha ni maji mengi na udongo mzuri utokanao na milima ya moto. Milima hiyo hiyo ni hatari pia. Mlima Merapi ulilipuka mwaka 2010 ukaua watu zaidi ya 300, na wakulima waliobaki wakarudi kulima palepale.

KIJIJI KILIVYO

Ukitazama kutoka mbali, kijiji cha tambarare ya Java huoni nyumba. Waona kisitu cha minazi, mianzi na mifenesi katikati ya mpunga, na nyumba zimefichwa humo ndani. Mashamba ya mpunga huitwa sawah. Ni vipande vilivyosawazishwa na kuzungushiwa matuta madogo ili maji yakae. Maji hushuka kutoka kipande cha juu kwenda cha chini, basi hakuna awezaye kulima kama kwamba hana jirani. Kwa sababu hiyo vijiji vingi viliweka mtu maalum wa kuangalia mifereji na kugawa maji kwa zamu.

Kiwanja cha nyumba nacho ni shamba. Huitwa pekarangan. Juu kuna mnazi na mfenesi, chini yake migomba na mipapai, na chini zaidi muhogo, nduma, pilipili, tangawizi na manjano. Kuku huzunguka humo, na penye maji huwa na kidimbwi cha samaki. Mpunga huvunwa kwa majira, lakini kiwanja hutoa kitu kidogo kila siku, cha kula au cha kupeleka sokoni. Mama wa nyumba ndiye ajuaye vizuri thamani yake.

KILA KITU NA MWENYEWE

Sisi tukisema "mali ya fulani" mara nyingi twafikiri shamba pamoja na vyote vilivyomo. Desturi ya Java hutenga. Ardhi ni kitu kimoja, nyumba ni kitu kingine, na miti yaweza kuwa ya mtu mwingine tena. Nyumba za zamani za mbao ziliungwa kwa namna ya kuweza kufunguliwa. Mtu aliweza kuuza nyumba, ikachukuliwa vipande vipande na kusimamishwa mahali pengine, na kiwanja kikabaki cha mwenyewe. Kadhalika wako watu wenye nyumba wasio na kiwanja. Wamejenga kwa ruhusa juu ya ardhi ya ndugu au jirani.

Mifugo pia hushirikiwa. Mwenye mbuzi au ng'ombe asiye na nafasi humpa jirani amtunzie, na wanyama wakizaa hugawana ndama au wana-mbuzi kama walivyopatana. Hivyo maskini aweza kuanza kufuga bila ya fedha mkononi.

Katika ndoa, mali aliyokuja nayo mume hubaki yake, na aliyokuja nayo mke hubaki yake. Lakini ile waliyoichuma pamoja baada ya kuoana huitwa gana-gini, nayo ni ya wote wawili. Wakiachana hugawanywa. Mume akifa, mjane ana fungu lake katika jasho lao, wala halihesabiwi kuwa sadaka kutoka kwa ndugu wa mume.

JINSI WANAVYORITHI

Watoto wa kiume na wa kike wote hurithi. Familia nyingine hugawa sawasawa. Nyingine hufuata msemo wao wa kale, sepikul segendongan. Maana yake ni kwamba mwanamume hubeba mizigo miwili, mmoja kila ncha ya mti wa begani, na mwanamke hubeba mmoja mgongoni, kwa hiyo mwana apate mafungu mawili na binti fungu moja. Hesabu hiyo yalingana na sheria ya Kiislamu, na watu wengi wa Java ni Waislamu. Mara nyingi wazazi hugawa wangali hai, ili waone wenyewe na kukomesha magomvi. Nyumba yao huachiwa yule aliyekaa nao uzeeni, ambaye kwa kawaida ni kitinda mimba.

Desturi hii ina haki ndani yake, kwa maana haimfukuzi mtoto. Lakini sasa tufanye hesabu. Baba ana hekta 2, yaani ekari 5 hivi. Ana watoto wanne. Kila mmoja atapata nusu hekta, ambayo ni ekari moja na robo. Kila mmoja wao naye akizaa wanne, mjukuu atapata chini ya theluthi moja ya ekari. Ndiyo sababu Java imejaa wakulima wa nusu hekta au chini ya hapo, na watu wengi wasio na sawah kabisa.

ASIYE NA SHAMBA HUISHIJE?

Hulima shamba la mwingine na kugawana mazao, nusu kwa nusu, au hupata theluthi tu, kwa kadiri ya udongo na nani aliyetoa mbegu na mbolea. Zamani wanawake walivuna mpunga kwa kisu kidogo cha kukata suke moja moja, na karibu kila jirani aliweza kuja kuvuna na kurudi nyumbani na fungu lake. Tangu miaka ya 1970 zililetwa mbegu mpya na mundu, na wenye mashamba wengi wakaanza kuuza mpunga ungali umesimama kwa wafanya biashara wanaokuja na wavunaji wao wenyewe. Mavuno yaliongezeka, lakini wanawake wengi maskini walipoteza fungu lile.

SHERIA YA MWAKA 1960

Serikali ya Indonesia ilijaribu kutengeneza mambo. Mwaka 1960 ilitunga sheria kuu ya ardhi, na nyingine pamoja nayo. Mahali penye watu wengi sana familia isishike zaidi ya hekta 5 za sawah. Mapatano ya kugawana mazao yaandikwe mbele ya mkuu wa kijiji, tena yadumu miaka 3 au zaidi kwa sawah. Shamba lililowekwa rehani likikaa miaka 7 mikononi mwa mkopeshaji, mwenyewe arudishiwe bila kulipa kitu. Tena, mtu asiuze shamba kwa namna ya kuacha vipande vilivyo chini ya hekta 2.

Lakini angalia vizuri, msomaji. Katika sheria hiyo ya hekta 2 urithi haukuguswa. Mlango wa kuuza ulifungwa, na mlango wa kurithi ukaachwa wazi. Basi mashamba yaliendelea kukatwa.

Hata sehemu nyingine za sheria hazikutimizwa kwa wepesi. Wenye mashamba makubwa walikawia kuyatoa, na mwaka 1964 wakulima wa Klaten na kwingineko walianza kuyatwaa kwa nguvu. Magomvi hayo yalizidisha chuki vijijini. Mwaka 1965 na 1966 zilipotokea fujo kubwa za siasa, watu wengi mno waliuawa katika Indonesia, wakiwamo wakulima maelfu kwa maelfu wa Java. Jambo la mpaka na hati si dogo.

JINA KATIKA DAFTARI

Sisi tushikao madaftari ofisini twajua kwamba jina lililoandikwa si lazima liwe haki iliyothibitishwa. Kwa miaka mingi mkulima wa Java alikuwa na karatasi ya kodi tu, na jina lake katika daftari la kijiji. Wengi waliamini kwamba hiyo ni hati ya kumiliki, kumbe ilionyesha tu nani alipaye kodi. Mara nyingi jina lilikuwa la babu aliyekwisha kufa, na wajukuu wanalima kwa mapatano ya mdomo. Mwaka 2017 serikali ilianza kazi kubwa ya kupima viwanja kijiji kwa kijiji na kutoa hati kamili.

WALIOHAMISHWA

Tangu mwaka 1905 familia za Java zimekuwa zikipelekwa kukaa Lampung, katika kisiwa cha Sumatra, na baadaye visiwa vingine. Miaka ya 1970 na 1980 wengi walipewa hekta 2 kila familia. Nadhani wewe, uliyepewa namba ya shamba katika skimu, waelewa furaha yao siku ile. Lakini shamba la skimu halizai shamba lingine. Watoto wao nao walikua, wakaoa, wakataka mahali pa kulima.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, usingoje kufa ndipo shamba lako lijulikane ni la nani. Sema mbele ya watoto wote, wa kiume na wa kike, na mbele ya mashahidi, kisha iandikwe.

Pili, angalia hati yako ina jina la nani. Kama ni la marehemu, anza kuirekebisha mwezi huu. Kumbuka pia kwamba kukata shamba la kilimo katika Kenya kwahitaji idhini ya Bodi ya Ardhi.

Tatu, mke wako ana jasho lake humo. Mhesabu.

Nne, tumia kiwanja cha nyumba kama watu wa Java. Pale panapoota majani bure pangeweza kuota ndizi, nduma na mboga.

Mwisho, wape watoto kitu kingine pamoja na udongo. Mtoto mwenye ufundi au elimu aweza kumwachia ndugu yake shamba zima bila ya kuona ameonewa. Kaeni pamoja nyumbani, baba, mama na watoto, mkaifanye ile hesabu ya ekari kwa kalamu na karatasi. Ni afadhali kuifanya sasa mezani kuliko kuachia wengine waje kuifanya barazani kwa ugomvi.