Mwenye Tangi Ndiye Mpanga Bei

Mkulima wa mahindi wa Kongwa akivuna na kukuta bei ya soko la Kibaigwa haimridhishi, ana pa kukimbilia. Anapukuchua, anaweka dawa, anajaza kihenge na kungoja mwezi ambao walaji wataongezeka na magunia yatapungua. Mkulima wa zabibu wa Hombolo, Mpunguzi au Mvumi hana kihenge. Zabibu zikishaiva zinataka kukatwa, na zikishakatwa zina siku chache tu kabla ya kulainika, kutoa maji na kuvuta nyuki na nzi. Ndiyo maana kila baada ya misimu kadhaa Dodoma hurudia kilio kile kile: zabibu zimeivia shambani, wanunuzi hawaonekani, na anayejitokeza anataja bei huku akijua kwamba muuzaji hana kesho. Ushauri anaopewa mkulima mara nyingi ni kwamba aongeze thamani, yaani atengeneze mvinyo wake, aubandike lebo na auze chupa. Ushauri huo si mbaya, lakini unaanzia mwisho. Kiwanda kidogo cha familia kina faida kubwa zaidi kikitazamwa kwanza kama ghala. Kazi yake ya kwanza ni kumnunulia mkulima muda, na chupa ni hatua ya baadaye.

Ili kuona kwa nini muda una thamani kiasi hicho, tutazame mzabibu wenyewe. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua yake ni haba na hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni mikavu. Wamisionari wa Kikatoliki walioleta mizabibu, ambao kazi yao bado inaonekana Bihawana, walikuta nchi ambayo haina baridi ya kuulaza mti. Ulaya mzabibu hupukutisha majani na kulala miezi kadhaa, kisha huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma mkasi wa mkulima ndio unaoamua: akipogoa leo, machipukizi hutoka, na baada ya miezi minne hivi vichala viko tayari. Kwa hiyo huvuna mara mbili, kwa kawaida karibu na Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Mavuno ya masika huandamwa na ukungu na ubwiri, na mkulima hutumia fedha nyingi kwa salfa na dawa nyingine. Ya kiangazi huwa na afya nzuri zaidi na sukari nyingi. Lakini aliyepanda mizabibu amefunga mkataba mrefu. Amenunua nguzo na nyaya, amebeba samadi, amengoja karibu miaka miwili kuona tunda la kwanza, na mti wake unaweza kuishi miongo kadhaa. Wa alizeti akichoka msimu huu, msimu ujao hupanda mtama. Wa zabibu hawezi kung'oa shamba kila bei ikianguka. Ana mti usiohama na tunda lisilongoja, na mnunuzi anayajua yote mawili. Historia imeonyesha gharama yake: DOWICO, kampuni ya umma iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ilipoyumba, wakulima wengi waliachia mashamba yao yakawa pori.

Tangi hubadili sehemu moja ya hali hiyo, ile ya tunda lisilongoja. Kinachofanyika ndani yake si uchawi. Zabibu nyekundu, kama ile maarufu inayoitwa Makutupora, huondolewa vikonyo, hupondwa, na kuachwa na maganda yake kwa sababu rangi iko kwenye ganda. Hamira hula sukari na kuigeuza kileo na hewa ya ukaa. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kileo, na ndiyo maana mtengenezaji makini hupima sukari kwa kipimo kabla ya kukata kichala, hategemei ulimi. Siku ya pili au ya tatu pipa huanza kuchemka bila moto. Maganda huinuliwa na hewa hiyo hadi juu, yakajikusanya kama zulia zito la zambarau, na lazima yazamishwe kwa mti safi mara mbili au tatu kwa siku, la sivyo hukauka, hushika joto na kuanza kunuka siki. Baada ya wiki moja hivi maganda hukamuliwa, na kinachotoka ndicho Dodoma nzima hukiita mchuzi wa zabibu. Tani moja ya zabibu hutoa takribani lita 600 hadi 700. Mchuzi huo ukiondolewa masimbi, ukitiwa kihifadhi cha salfa kwa kipimo na kufungiwa mbali na hewa, utakaa miezi pale ambapo zabibu zingekaa siku.

Hapo kuna faida ambayo jirani zetu wa mbali hawana. Mtengenezaji wa Italia au Ufaransa hununua tangi na kulijaza mara moja kwa mwaka. Wa Dodoma hulijaza mara mbili, kwa hiyo mtaji ule ule hufanya kazi maradufu. Faida hiyo ina sharti lake: mchuzi wa Machi lazima uwe umetoka kabla ya mavuno ya Agosti. Muda anaonunua mkulima ni kama miezi mitano, na katika miezi hiyo anaweza kuuza nusu ya mchuzi baada ya miezi miwili, na nusu nyingine baada ya miezi minne, au kumkataa mnunuzi wa kwanza na kumngoja wa pili. Sharti hilo linaamua pia ukubwa wa vyombo. Familia inayovuna tani mbili kwa msimu itapata kama lita 1,300, na kishawishi ni kununua simtanki moja kubwa. Ni kosa, kwa sababu tangi lililopunguzwa hadi nusu limeingiza hewa nusu, na hewa ndiyo inayogeuza mvinyo kuwa siki. Matangi madogo manne yanayojaa hadi shingoni ni bora kuliko moja kubwa, kwa kuwa kila unapouza unamaliza moja na mengine yanabaki yamefungwa. Yawe ya plastiki inayofaa chakula, na mfuko ukiruhusu yawe ya chuma kisichoshika kutu, maana plastiki hupitisha hewa kidogo kidogo.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: wanunuzi wa mchuzi ni wale wale. Makampuni yanayofunga mvinyo kwenye chupa ni machache, na yasiponunua zabibu yanaweza vilevile kutonunua mchuzi. Ni kweli, na yeyote anayemwambia mkulima kwamba tangi linampa soko anamdanganya. Tangi linampa nafasi ya kusubiri tu. Lakini nafasi hiyo ina uzito mezani. Mwenye zabibu zinazooza anajadiliana na saa, mwenye mchuzi uliotulia anajadiliana na mtu. Tena mchuzi hupakiwa ukasafiri hadi Dar es Salaam au Arusha, safari ambayo zabibu za mvinyo zingeifanya kwa hasara. Na Dodoma yenyewe si ile ya zamani: serikali imehamia, chuo kikuu kipo, na tangu 2024 treni ya umeme imeufanya mji huu kuwa safari ya saa chache kutoka Dar es Salaam. Watu wanaokula hotelini na kupita mashambani wapo. Ndiyo maana chupa huja kama hatua ya pili, kwa sehemu ndogo ya mavuno, baada ya familia kujua mchuzi wake unakaaje.

Wapo watakaosema mvinyo mzuri hautoki kwenye banda la mabati. Wana hoja, kwa sababu joto ni adui wa kweli. Hamira ikipita nyuzi joto 33 au 35 huchoka, huacha sukari njiani, na sukari iliyobaki hukaribisha vimelea. Hata hivyo mambo mengi yanayoharibu mchuzi hayahitaji mashine ghali kuyazuia. Kuvuna alfajiri, kutenga vichala vilivyooza, kuosha kila chombo kabla na baada, kuezeka kwa kitu kisichoshika jua na kujenga kuta nene ni kazi za mikono na nidhamu. Kinachohitaji fedha, yaani mashine ya kuponda, kinu cha kukamua na vipimo vya maabara, hutumika wiki chache tu kwa mwaka, kwa hiyo familia tano au chama cha ushirika kinaweza kuvimiliki pamoja huku kila mmoja akibaki na matangi yake. Elimu nayo haiko mbali: kituo cha utafiti cha TARI Makutupora kiko mkoani humo humo, na kazi yake ni zabibu.

Kuna pia sheria na dhamiri. Chupa ya mvinyo inataka alama ya ubora ya TBS, stempu ya kielektroniki ya kodi, leseni na ushuru, na ingawa mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani hutozwa ushuru mdogo kuliko ule wa nje, makaratasi hayo ni mzigo kwa familia yenye ekari moja. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokimbilia chupa. Na wapo wasiotaka kileo kabisa, kwa imani au kwa kuwa wameona ulevi ulivyovunja nyumba. Hao wasilazimishwe. Juisi iliyochemshwa vizuri na kufungwa ni njia halali, ila inataka kuni au gesi na usafi mkali zaidi. Zabibu kavu ni ngumu kidogo, kwa sababu aina za zabibu za mvinyo zina kokwa, na mlaji hapendi kutafuna kokwa.

Kwa hiyo mwenye shamba apange mambo kwa utaratibu huu: kwanza kipimo cha sukari na matangi madogo, pili vifaa vya pamoja na majirani, tatu misimu miwili ya kuuza mchuzi huku akijifunza, na mwisho kabisa lebo. Benki na halmashauri zinazokopesha wakulima wa zabibu zifanye vivyo hivyo: mkopo wa tangi uje kabla ya mkopo wa ekari ya pili. Kuongeza ekari bila mahali pa kuweka mavuno ni kumwongezea mnunuzi nguvu.