Funguo za mke mfukoni mwa mume

Mfanyabiashara yeyote anajua kuwa anayeshika ufunguo wa droo ya fedha ndiye mwenye duka, hata kama leseni ina jina la mwingine. Waandishi wanawake wa Uingereza walilijua hilo zaidi ya miaka 170 iliyopita. Katika riwaya za enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia mwaka 1837 hadi 1901, milango iliyofungwa na funguo zilizonyang'anywa hujitokeza mara kwa mara. Hazikuwekwa kupamba hadithi. Zilikuwa alama za sheria iliyomkaba mke.

Sheria yenyewe ilieleweka kirahisi. Mwanamke wa Kiingereza alipoolewa, fedha zake, vito vyake na mapato ya kazi yake vilikuwa mali ya mumewe. Hakuweza kufunga mkataba wala kufungua kesi kwa jina lake. Familia tajiri zilijikinga kwa kuweka mali ya binti mikononi mwa wadhamini kabla ya harusi, lakini binti wa mtu wa kawaida hakuwa na kinga hiyo. Mwandishi Caroline Norton, aliyetengana na mumewe mwaka 1836, alikuta kuwa kisheria hata malipo ya vitabu vyake ni ya mume huyo.

Anne Brontë aliligeuza jambo hilo kuwa hadithi mwaka 1848 katika riwaya ya The Tenant of Wildfell Hall. Mhusika wake, Helen, ameolewa na mlevi na mzinzi, Arthur Huntingdon. Anapanga kutoroka na mtoto wao, na mtaji wake ni uchoraji: atauza picha wapate kula. Mume anasoma shajara yake na kuugundua mpango. Anadai funguo za kabati, meza na droo zake, anachukua fedha na vito, kisha zana za uchoraji zinatupwa motoni.

Mtu mwingine ataona ugomvi wa nyumbani. Mchuuzi ataona mtaji unateketea. Na uchungu wa tukio hilo ni kwamba, mbele ya sheria ya siku zile, mume alikuwa anachoma mali yake mwenyewe. Hata juu ya mtoto, haki ya kwanza ilikuwa ya baba. Helen anapofanikiwa kutoroka kwa msaada wa kaka yake, anabadili jina, na picha anazopeleka kuuzwa London anaziandika herufi na jina la mahali ambavyo si vya kweli, ili asifuatiliwe. Anafanya biashara halali kwa kujificha kama mwizi.

Dada yake, Charlotte Brontë, alikuwa ametoa Jane Eyre mwaka mmoja kabla. Humo yumo Bertha Mason, mke kutoka Jamaica anayefungiwa ghorofa ya tatu kwa madai ya wazimu. Mwaka 1979 wahakiki wa Marekani, Sandra Gilbert na Susan Gubar, walimwona Bertha kuwa hasira ya Jane mwenyewe iliyofichwa. Mfanyabiashara anaweza kuongeza swali la hesabu: Bertha aliolewa na pauni 30,000, je, zilikuwa mikononi mwa nani? Kwa upande wake, Jane anarudi kwa Rochester baada tu ya kurithi pauni 20,000 na kugawana na binamu zake watatu. Anarudi akiwa na chake.

Sheria ilianza kulegea mwaka 1870, wake waliporuhusiwa kubaki na mapato ya kazi zao. Sheria ya Mali ya Wanawake Walioolewa ya mwaka 1882 ikawapa haki ya kumiliki mali kwa jina lao.

Sheria hiyo ya 1882 haikubaki Uingereza. Ilifika Afrika Mashariki na ukoloni, na mahakama za Kenya ziliendelea kuitumia katika migogoro ya mali ya wanandoa hadi Bunge lilipopitisha Sheria ya Mali ya Ndoa mwaka 2013. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Ndoa yake tangu 1971, inayompa mke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa hata kazi za nyumbani ni mchango wa mke katika mali ya ndoa.

Leo sheria iko upande wa mama anayevusha vitenge Namanga au dagaa Busia. Lakini sheria humlinda vizuri zaidi mwenye karatasi. Leseni, akaunti ya benki na laini ya simu inayopokea malipo ndizo funguo za siku hizi, na kabla ya kuvuka mpaka inafaa kujua zina jina la nani.